Waliokuja Kukaa: Mume na Mke wa Misheni Ukingoni mwa Mto Tana

  Najua jarida hili wengi mtalisoma mkingojea adhana ya Magharibi, tumbo linaunguruma na harufu ya sambusa inatoka jikoni, kwa hiyo nitajaribu nisikuchoshe. Lakini niliyo nayo leo si mafupi, na nakuomba uyasome hadi mwisho kabla hujaninunia, maana nitazungumzia wamishenari. Ndiyo, wamishenari, tena ndani ya jarida la Ramadhan.

Iko sababu. Mimi nimezaliwa Garsen, ingawa chuoni na madrasa yote ya juu nimesomea mbali na mto. Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, tulikusanyana vijana kiasi cha kumi na tano, tukakodi matatu, tukapakia tende, mchele, unga, misahafu na kipaza sauti, tukateremka Tana kufanya daawa na kufuturisha. Tulipofika kijiji kimoja chini ya Garsen, kulikuwa na bibi mmoja wa Kipokomo, Muislamu, ameketi chini ya mwembe anasuka ukili. Tukamsalimia shikamoo, akatuitikia vizuri, akatutazama tukishusha maboksi. Kisha akauliza, "Wajukuu zangu, mtakaa siku ngapi?" Tukamwambia siku tatu. Akaguna. Akasema, "Haya. Wale Wazungu wa Ngao walikaa." Akaendelea na ukili wake.

Basi lile neno likanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Niliporudi chuoni nikaanza kuuliza na kusoma: ni Wazungu gani hao waliokaa, walikaaje, na kukaa kwao kulizaa nini? Nilichokipata ndicho hiki.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1844 Mjerumani mmoja aitwaye Johann Ludwig Krapf alifika Zanzibar pamoja na mkewe Rosine. Walikuwa wametoka Habasha, ambako Krapf alitaka kuwahubiria Waoromo, watu ambao wenzetu wa pwani waliwaita Wagalla. (Jina hilo wenyewe hawalipendi. Hawa wa kwetu Tana wanajiita Waorma, na nitawaita hivyo.) Alipofukuzwa Habasha akapiga hesabu: ikiwa mlango wa kaskazini umefungwa, nitaingia kwa mlango wa kusini, kupitia Mombasa. Sayyid Said bin Sultan alimpokea na kumwandikia barua kwa maliwali wake wa mwambao ili wamsaidie. Na si barua tu. Alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi wa Juni mwaka huo huo, aliyekaa naye kumsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Subhanallah! Kadhi anakaa na padri wanapima maneno. Leo ukifanya hivyo utasikia maneno yako msikitini.

Mwezi uliofuata, Julai 1844, Rosine alijifungua mtoto wa kike huku ana homa kali. Mama akafa, na mtoto naye akafa baada yake. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani kwa homa hiyo hiyo. Hawakuwa wamemaliza hata mwaka mmoja. Rosine aliomba azikwe upande wa bara, na kaburi lake liko Nyali mpaka leo.

Ndugu msomaji, labda unajiuliza haya yana uhusiano gani na Garsen. Uhusiano ni kwamba Krapf hakuacha ile hamu ya Waorma. Yeye mwenyewe hakuwafikia. Alifariki kwao Ujerumani mwaka 1881. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1862, aliwasaidia Wamethodisti wa Uingereza kuanzisha kituo Ribe, nyuma ya Mombasa, na mmoja wao, Thomas Wakefield, aliirithi hamu hiyo nzima nzima. Wakefield alijifunza Kioromo, akasafiri, akaandika, akangojea zaidi ya miaka ishirini. Mkewe Rebecca alifika Ribe na akafa huko mwaka 1873 baada ya kujifungua. Si ajabu ukiona habari hizi zinafanana. Ukisoma maisha ya misheni za mwambao karne ile, kila kurasa chache unakutana na kaburi la mwanamke aliyetoka uzazini.

Walikuwako waliozeeka pia. Johannes Rebmann, mwenzake Krapf, alimwoa Emma, Muingereza, huko Misri mwaka 1851, wakaja kuishi Rabai. Emma akafa mwaka 1866. Mzee akabaki. Macho yakamwishia, akawa kipofu kabisa, na bado hakutaka kuondoka. Aliporudi kwao mwaka 1875 alikuwa amekaa mwambao huu miaka ishirini na tisa, na aliyemshika mkono njiani alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Mwaka uliofuata akafa. Ishirini na tisa! Na waliobatizwa kwa mikono yake katika miaka yote hiyo walikuwa wachache mno. Ukipima kwa idadi, alishindwa. Mimi sikubaliani na dini aliyoileta, hilo liko wazi, lakini kwa subira ile siwezi kumcheka.

Sasa tufike mtoni kwetu. Mwaka 1885 Wakefield alifungua kituo Golbanti, pande hizi za Tarasaa na Ngao. Walikusudiwa Waorma hasa. Na waliopelekwa kuishi hapo walikuwa mume na mke, John Houghton na Annie.

Hebu tuliza akili uwaze siku moja ya Annie Houghton pale Golbanti. Barabara hakuna. Kila kitu kisichoota ukingoni mwa mto, iwe chumvi, sabuni, nguo au dawa, kinatoka Mombasa ama Lamu kwa jahazi mpaka Kipini, kisha kinapandishwa kwa mitumbwi, na wapiga kasia ni Wapokomo. Jahazi likichelewa, basi. Barua ya mama yake Uingereza inachukua majuma na majuma, na mpaka afike kuijibu, yaliyoandikwa yamepitwa na wakati. Maji ni ya mto, na mto una mamba, kwa hiyo kuteka maji si kazi ya kwenda ukiwa na mawazo mengine. Usiku ni viboko na mbu. Nyinyi mnaoijua Tana mnajua mbu wa huko hawana adabu. Na ukumbuke kwamba mwaka 1886 hakuna mtu duniani aliyejua kwamba homa ya malaria inaletwa na mbu. Ronald Ross aligundua hilo mwaka 1897. Wao walidhani ni hewa mbaya ya vinamasi. Kwinini walikuwa nayo, lakini waliimeza bila ya kujua adui yao yuko wapi, na huenda anawauma wakati huo huo wanapoimeza.

Kisha mto wenyewe. Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Mgeni huona balaa, mwenyeji huona shamba, kwa sababu maji yakirudi ndipo mpunga, mahindi na migomba inapopandwa kwenye tope jipya. Na lugha: pale Golbanti lugha moja haikutosha. Kiswahili cha wachukuzi na wafanyabiashara, Kioromo cha wenye ng'ombe, Kipokomo cha wakulima. Mama wa nyumba ile akitaka kununua kuku, kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi na kumuaga mgeni, huenda lugha zote tatu zimepita mdomoni kabla ya adhuhuri.

Hawakukaa mwaka. Siku ya tarehe 3 Mei 1886, Wamasai walivamia Golbanti. Uvamizi wa aina hiyo ulikuwa wa kawaida zama zile, shabaha yao ilikuwa ng'ombe wa Waorma. John na Annie Houghton waliuawa pamoja na Waorma kadhaa waliokuwa hapo. Haikuwa vita vya dini. Walikufa kwa sababu walikuwa wanaishi palipokuwa na ng'ombe.

Ungedhani kituo kingefungwa moja kwa moja. Hakikufungwa. Walikuja wengine, miongoni mwao William During, mtu mweusi kutoka Sierra Leone. Na mwaka 1887 wakaja Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakapiga kambi Ngao, maana wakati ule Witu ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani, kabla ya kukabidhiwa Waingereza mwaka 1890. Hao ndio "Wazungu wa Ngao" wa bibi yangu wa mwembeni. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alikaa na Wapokomo akaandika maneno yao, sarufi yao na hata nyimbo zao, na katikati ya miaka ya 1890 akazichapisha Ujerumani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Agano Jipya lilikuwa limekwisha kuchapishwa kwa Kipokomo. Walifungua shule, wakatibu watu. Hospitali ya Ngao iko mpaka leo, na leo anayetibiwa haulizwi dini.

Lakini hapa ndipo penye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Misheni ya Golbanti ilikusudiwa nani? Waorma. Ndoto ya Krapf, kungojea kwa Wakefield, damu ya akina Houghton, yote ni kwa ajili ya Waorma. Leo nenda ukatembee manyatta za Waorma kutoka Garsen mpaka Hola. Utakuta nini? Msikiti wa udongo ama wa miti, mwalimu na watoto wenye mbao za kuandikia. Waorma ni Waislamu karibu wote. Waliojaza makanisa ya mto wa chini ni Wapokomo, watu ambao hawakuwa kwenye mpango wa mwanzo!

Kwa nini? Nimelifikiria sana hili, na haya ni maoni yangu, mwenye zaidi na aniongezee. Nyumba ya mishenari ilikuwa haihami. Ilijengwa ukingoni, ina bustani, ina darasa, ina kabati la dawa. Muorma ni mfugaji: mvua ikinyesha huko juu, anaondoka na ng'ombe wake, na mahubiri yanabaki nyuma pamoja na jivu. Mpokomo ni mkulima, shamba lake liko pale pale. Anamuona mke wa mishenari asubuhi akiteka maji na jioni akifunga kuku. Mtoto wake akishikwa na homa usiku, anajua mlango wa kugonga. Miaka kumi ya hivyo si mchezo. Waorma wao waliupata Uislamu katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini kutoka kwa watu waliohama kama wao: wafugaji na wafanyabiashara wa Kisomali, walimu waliolala katika manyatta hizo hizo, wakanywa maziwa hayo hayo, wakaoa humo humo. Hawakuwa na jumuiya wala kipaza sauti.

Na kuna la pili, linauma, lakini tukilificha tutakuwa tunaandika hadithi si historia. Kwa nini Wapokomo wa mto wa juu wengi ni Waislamu na wa mto wa chini wengi ni Wakristo? Tazama ramani. Mto wa chini uko karibu na Witu. Katika karne ya kumi na tisa Wapokomo wa huko walikuwa wakivamiwa na kutekwa utumwani na watu wa kutoka upande wa Witu, na watu hao walikuwa wanaswali kama sisi. Jiweke mahali pa mama wa Kipokomo wa mwaka 1887. Muislamu wa kwanza unayemjua ni yule aliyemchukua mwanao. Mkristo wa kwanza unayemjua ni mwanamke mwenye homa anayejifunza kukuuliza "habari za asubuhi" kwa lugha yako. Utasema ungefanya nini?

Tusiseme kwamba Waislamu wote wa mwambao walikuwa hivyo. Zama hizo hizo, Lamu, alikuwako Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akiwa kijana. Yeye aliwafundisha watumwa na watu waliodharauliwa, na wakubwa wa mji wakamchukia kwa hilo. Alikuwa akitibu watu, akisomesha, akiishi nao Langoni. Msikiti wa Riyadha ulijengwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na yeye alikaa Lamu mpaka alipofariki mwaka 1935. Hata yeye, msomaji, ni mgeni aliyekuja na hakuondoka.

Na sisi tulisomeshwa haya madrasa, ila tunayasahau. Katika mwaka wa tano wa utume, waliokwenda Habasha kwa ajili ya dini yao miongoni mwao walikuwa mume na mke, Sayyidna Uthman bin Affan na Bi Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.). Kisha Ja'far bin Abi Talib na mkewe Asmaa bint Umays (R.A.). Sisi kwenye mihadhara tunapenda kusimulia siku moja tu, ile ya Ja'far kusimama mbele ya Najashi. Lakini baada ya siku ile walikaa zaidi ya miaka kumi katika nchi ya Kikristo! Asmaa alizaa watoto wake kule. Alipika, aliuguza, alinunua vitu sokoni kwa lugha isiyokuwa yake. Siku zile hakuna anayezitolea mawaidha.

Sasa turudi Garsen. Kuanzia Agosti 2012 mpaka Januari 2013 Waorma na Wapokomo waliuana katika Delta ya Tana, watu zaidi ya mia moja wakapotea. Tarehe 22 Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idi ya Ramadhan, kijiji cha Riketa kilivamiwa na zaidi ya watu hamsini wakauawa, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma. Wiki chache baadaye vijiji vya Wapokomo vikachomwa. Wapo nje ya Tana waliosema ni Waislamu na Wakristo. Nilikuwa mdogo lakini najua si kweli, kwa sababu miongoni mwa Wapokomo waliokimbia mlikuwa na Waislamu wenzetu. Ugomvi ulikuwa ni mto: ng'ombe anataka kufika majini, na njia ya kwenda majini inapita katikati ya shamba la mtu. Siasa ikaongeza kuni. Lakini hofu ilipoingia, majirani wa miaka mingi waligundua kwamba hawajuani majumbani. Mkulima alikuwa na shule yake na kanisa lake au msikiti wake ukingoni. Mfugaji alikuwa na mwalimu wake nyikani. Kila mtu alikuwa amepata watu waliokuja kukaa naye yeye. Waliokaa katikati ya wote wawili walikuwa wachache.

Nakumbuka siku ya tatu ya safari yetu. Ilikuwa Jumapili. Jana yake tulikuwa tumefuturisha kijiji kizima, pilau ya sufuria kubwa, na wenyeji wakaongeza samaki wa mtoni na ndizi za kuchemsha ambazo, niseme kweli, ndizo zilizoliwa zikaisha kwanza. Tulipiga picha nyingi. Asubuhi tukafungasha. Nikaenda kumuaga yule bibi, nikamkuta amesimama kando ya njia na buibui lake, anamngojea dada yake mkubwa atoke kanisani wakamtazame mgonjwa wao hospitali ya Ngao. Nikamwambia bibi tunaondoka, tuombee dua. Akaomba, ndefu, kwa Kipokomo na Kiarabu kimechanganyika. Kisha akaangalia nyuma yangu kwenye matatu, akahesabu vichwa madirishani, akaniuliza ni nani katika sisi anayebaki.

Dereva alikuwa anapiga honi. Nikasema, "Insha Allah mwakani, bibi."

"Mwakani," akasema. Dada yake alikuwa ametoka, ana kitabu cha nyimbo kwapani. Wakashikana mikono wakaanza kwenda.